Afande Aliyekula Nyumbani

Ulikuwa mwaka ule uliofuata kufungiwa majumbani kwa ajili ya korona, tulipokuwa bado tunakula posho, ule ugali wa mahindi, mchana, posho jioni, na asubuhi ile iliyobaki tunaikaanga na kitunguu tujidanganye kwamba ni chakula kingine. Matooke, ndizi zetu za kupika, tuliyaona yakipita juu ya pikipiki, tukayasindikiza kwa macho kama bwana harusi wa mtu mwingine. Mimi miaka siijui kwa namba, naijua kwa sahani. Kuna mwaka wa mihogo, kuna mwaka wa senene wengi hadi watoto wakaharisha, na kuna huo mwaka wa posho. Ndio mwaka Afande alipokuja ofisini kwetu.

Nikisema ofisini kwetu usidhani nilikuwa na meza. Nilikuwa na sufuria. Ofisi ile ni ya wanasheria wa serikali. Hapo ndipo wajane na mayatima huja mali ya marehemu ikigombaniwa, na hapo ndipo hutoka wale mawakili wanaoisemea serikali mahakamani. Nyuma ya jengo, ng'ambo ya maegesho ya magari, palikuwa na kantini yangu ya mabati. Nilipika chai ya saa nne na chakula cha mchana, kwa wakubwa na kwa madereva, sufuria moja. Kiswahili changu nilikipata kambini, mume wangu alikuwa polisi, na shule niliiacha mapema sana. Lakini macho sikuyaacha popote.

Afande alikuwa mkuu wa usalama. Jina lake nalijua ila silitaji, maana yeye mwenyewe hakupenda jina lake litembee bila yeye. Alizaliwa wapi, baba yake nani, hayo sikumuuliza na yeye hakunipa. Nasema niliyoyaona. Na nayasema sasa kwa sababu amestaafu, kiti chake kiko wazi, na mjukuu wangu Akello ameomba kukikalia. Tangu aombe, naunguza maharage kila siku.

Alikuwa mrefu, mwembamba, suti ya bluu, hijabu ya rangi ya majivu, na viatu vya ngozi vilivyong'aa hata siku za matope. Alitoka Kibuli kwa boda. Hakushukia getini kama wakubwa wengine, alishukia kwenye kona, akavua kofia ya pikipiki, akaingia kwenye foleni nyuma ya watu waliokuja na kesi zao. Zamu yake ikifika aliweka mkoba mezani na kuinua mikono apekuliwe. Wiki ya kwanza askari mmoja kijana alicheka kwa aibu.

"Afande, wewe pita tu."

"Umenijuaje?"

"Si kwa sura, Afande."

"Na sura yangu leo imeweka nini kwenye huu mkoba?"

Askari akautazama mkoba.

"Basi fungua, mwanangu. Hata mimi sijui mtoto wangu mdogo ametia nini humo."

Mkoba ukafunguliwa mbele ya foleni nzima. Ulikuwa na tasbihi, chupa ya maji, na kwa kweli kichwa cha mwanasesere. Watu walicheka hadi mzee mmoja akalazimika kukaa chini. Kuanzia siku ile hakuna mkubwa aliyeweza kulalamika kwamba amepekuliwa, maana jibu lilikuwa tayari: Afande mwenyewe amepekuliwa, na amekutwa na kichwa.

Alikuwa na neno lake kwa walinzi, nililisikia mara nyingi nikipita na birika. "Kumpekua mtu si kumtukana. Kumtukana ni kumpekua bila kumsalimia." Kwa hiyo getini kwetu salamu ilianza. Habari ya safari, nyabo kwa wanawake, ssebo kwa wanaume. Watoto wazima? Ndipo mikono inainuliwa. Akaleta mabenchi na kivuli, kwa sababu alisema mtu aliyesimama juani tangu asubuhi akifika juu lazima agombane, na ugomvi wa juu huwa umeanzia getini. Watu walidhani kazi ya usalama ni bunduki na kamera. Kwake ilianza na benchi.

Sasa nije kwenye chakula, maana hapo ndipo aliponiudhi.

Siku yake ya kwanza nilimpelekea sahani mwenyewe, posho na maharage na mboga ya dodo, nimeipamba hadi nyanya. Akasimama kunipokea kwa heshima zote, akaitazama sahani, akasema, "Asante, mama. Nimekula nyumbani."

Sawa. Kesho yake nikapeleka tena. "Asante, mama. Nimekula nyumbani." Keshokutwa vilevile, maneno yaleyale, hakuongeza wala hakupunguza. Kwetu sisi anayekataa chakula chako amekukataa wewe. Nikafikiri labda ni dini, nikamwambia nyama yangu yote huchinjwa na Hajji wa bucha ya jirani, aulize. Akasema anamjua Hajji, ni mtu mzuri. Na chakula hakukigusa. Nikawaambia madereva, "Huyu mwanamke anafikiri nitamtilia sumu." Dereva mmoja, mtu wa mizaha, akasema, "Jaja," ndivyo walivyoniita, yaani bibi, "labda ameshakuonja kwa pua."

Kilichonikera zaidi ni kwamba alikuwa anadanganya. Mwanamke huyu hakuwahi kusema uongo mwingine hata mdogo. Mkurugenzi akiuliza nani amechelewa, Afande hujitaja wa kwanza. Lakini ile "nimekula nyumbani" tumbo lake lilikuwa linaikanusha papo hapo, mimi nimesimama na sahani. Grrr. Tunatazamana. Yeye haoni aibu, mimi ndiye naona aibu.

Mwezi wa Ramadhani tu ndio tulipata amani. Nilimletea sahani kwa makusudi, nione. Uso wake uliwaka kama mtoto aliyepewa ruhusa. "Nimefunga, mama!" alisema, kwa furaha ya mtu ambaye hatimaye ana jibu la kweli. Nikacheka, yeye akacheka, nikarudi na sahani yangu bila kinyongo. Ramadhani ilipoisha, akarudia uongo wake.

Na si kwamba hapendi kula. Jumamosi moja nilikuwa Kalerwe sokoni kununua nyanya, nikamwona kwa mchoma ndizi za gonja. Amevaa dera, hana suti, amefumba macho. Alikula gonja ya moto, akala chapati iliyoviringishwa na mayai, mafuta yakamtelemka hadi kwenye kiwiko akayafuta kwa ulimi. Kwa ulimi! Nilijificha nyuma ya fungu la kabichi nikamtazama kama mtu anayetazama mpira. Kisha akanunua karanga za kukaanga, zile zinazotiwa kwenye karatasi iliyokunjwa kama pembe. Akazila, na zilipokwisha akaikunjua karatasi asome, kama tunavyofanya sote.

Akaacha kutafuna.

Ile karatasi, tulikuja kujua Jumatatu, ilikuwa ya ofisini kwetu. Ina mhuri, ina majina ya watu na shamba lao. Afande hakupiga kelele. Alimsalimia muuza karanga, akamuuliza habari za watoto, kisha akanunua rundo lote la karatasi alilokalia yule mama. Muuzaji akamshangaa. "Nyabo, na karanga je?" "Karanga baki nazo."

Kumbe wafagiaji wetu walikuwa wanauza karatasi za kutupwa sokoni, tangu kabla hata ya mimi kuanza kupika pale, na hakuna aliyeona ubaya. Karatasi ni karatasi. Mimi mwenyewe nisingeona ubaya, Kampala nzima inakula karanga kwenye barua za watu. Jumatatu wafagiaji walikuja wakitetemeka, wameshaaga nyumbani. Afande akawaambia waende wakafagie. Waliopandishwa ghorofani kukemewa ni mawakili. Dirisha lilikuwa wazi, sote tulisikia.

"Wale wameuza takataka," alisema. "Nauliza ninyi, nani aliyeita faili la mjane takataka?"

Ikanunuliwa mashine ya kutafuna karatasi. Na karatasi iliyotafunwa, laini kama nyasi, ikapewa kazi. Ikatandikiwa kuku.

Ndiyo, kuku. Labda nilipaswa kuanza nao.

Mtu akitoka kijijini kwenda kwa mkubwa haendi mikono mitupu. Anabeba kuku. Wakili akikusaidia ukapata haki ya shamba la marehemu ndugu yako, utamshukuruje, kwa maneno? Kabla ya Afande, kuku walipanda ngazi kwapani mwa watu, na watu wakashuka bila kuku. Mawakili hawakuona ni rushwa. Ni shukrani, walisema. Ila mwenye kesi aliyekuja bila kuku alikaa barazani akiwatazama wenye kuku wakiitwa, na yeye alijua ni nini.

Afande hakuweka tangazo la kukataza. Alijenga banda. Banda zuri la mbao na wavu, kando ya geti, lina maji na mtama. Mgeni akifika na kuku anasalimiwa yeye, kuku anafungwa kibati mguuni chenye namba sawa na ya kadi ya mwenyewe, anaingia bandani. Ukishuka unaonyesha kadi yako, unaondoka na kuku wako. Mzee mmoja wa mbali sana alikasirika, alitikisa fimbo.

"Huyu kuku ni wa wakili! Ameniokolea shamba!"

"Shamba limeokolewa na sheria, mzee wangu," Afande alimwambia, amemshika mkono. "Nisingependa urudi nyumbani ukidhani ni kuku."

Mzee akaishusha fimbo. Kisha akasema, "Basi naye apumzike, tumetoka mbali." Akaingia.

Siku moja kuku wa mgeni alitaga humo bandani, juu ya karatasi zilizotafunwa. Askari wa zamu akamkimbilia Afande. "Afande, huyu kuku iliingia moja, sasa inatoka mbili. Tufanye nini?"

"Mwambie mwenyewe mgonjwa wake amejifungua salama. Yai ni lake."

Na ujue jambo moja: Afande huyu, mjenzi wa banda, alikuwa anaogopa kuku. Si kuogopa kidogo. Jogoo mmoja alichomoka siku fulani, na mkuu wa usalama wa ofisi ya serikali alipanda juu ya benchi na viatu vyake vya kung'aa akapiga kelele, "Mama! Mama, njoo!" Nilitoka na mwiko mkononi nikamkamata jogoo kwa bawa. Walinzi walikuwa wamegeuza nyuso ukutani, mabega yanatikisika.

"Afande," nikamwambia, "wenye bunduki huwaogopi."

"Mama, bunduki hairuki usoni." Akashuka, akakung'uta suti, akaendelea na safari yake kana kwamba hakuna lililotokea. Mchana nikampelekea sahani ya huruma. Amekula nyumbani.

Alitufundisha pia kukimbia moto. King'ora kikilia, watu wote watoke wakakusanyike chini ya bendera. Mara ya kwanza kilipolia ilikuwa saa ya chai, na nusu ya ofisi walikuja mbio kantini kwangu, wengine wamebeba vikombe. Chini ya bendera palisimama mhasibu mmoja peke yake. Nilijua tutagombezwa. Afande alituhesabu vichwa, kisha akasema, "Jengo likiungua kweli, hawa watakimbilia kwa Jaja." Wiki iliyofuata kibao cha mahali pa kukusanyikia kiliondolewa penye bendera kikasimikwa kwangu, na majiko yangu ya mkaa yakahamishiwa nyuma ya ukuta. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Anaangalia kwanza watu wanaelekea wapi, ndipo anaweka mlango.

Sasa Akello. Mama yake ni binti yangu, yuko Juba kwenye biashara, mtoto nimemlea mimi tangu anyonye chupa. Alimaliza sekondari ana alama nzuri, hela ya chuo hakuna, akakaa nyumbani anasuka nywele za majirani. Ikatangazwa kazi ya kupokea wageni pale getini. Akello akaomba. Na mimi, kama mtu mwenye akili, nikaamka alfajiri nikapika kuku kwenye jani la mgomba, na mchuzi wa karanga mzito, unaweza kusimamisha kijiko. Nikapanda ngazi nacho, magoti yanalia, hadi ofisini kwa Afande. Nikafunua jani. Mvuke ukajaa chumba.

Alikitazama kile chakula. Kisha akanitazama mimi.

"Mama, hiki ni cha nini?"

"Cha kula."

"Na baada ya kula?"

Nikalinyoosha jani. Kuna maswali ukiyajibu umejivua nguo.

Akalifunga jani mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. "Asante, mama. Nimekula nyumbani." Na tumbo likasema, grrr, kwa sauti kuliko siku zote.

Nilishuka na kuku wangu nikawapa madereva. Nyumbani nikamweleza Akello, akapiga kelele majirani wakasikia. "Jaja! Umeniharibia! Sasa hata jina langu atalifuta!" Nilijua mlango umefungwa, na aliyeufunga ni mimi na sufuria yangu.

Siku chache baadaye wakamwita kwenye intavyu, pamoja na wengine wengi. Akaipata kazi.

Afande alikuja kunieleza mwenyewe, amesimama mlangoni mwa kantini, mguu mmoja nje. "Walituuliza sisi tuliokaa kwenye meza ya intavyu kama kuna tunayemjua. Nikasema namjua bibi wa yule msichana. Huniletea chakula kila siku, na sijawahi kukila hata kijiko. Wakacheka. Ndipo wakaendelea kumsikiliza Akello mwenyewe."

Akageuka akarudi getini. Nilikaa juu ya gunia la mkaa, na zile sahani zote nilizorudi nazo zikapita mbele ya macho yangu moja moja. Mimi mpishi nilikuwa naingia na kutoka geti lile kila siku na visu na magunia ya mkaa. Na mimi nilipaswa kupekuliwa. Angenipekuaje na mchuzi wangu mdomoni?

Akello alijifunza kwake. Kuna siku alikuja bwana mkubwa, mzito, na bastola chini ya koti. Alikuwa anagombania nyumba na mjane wa kaka yake, na yule mjane alikuwa juu wakati huohuo akitoa maelezo. Akello akamwambia silaha inabaki kwenye sanduku la chuma, kama ya kila mtu.

"Wewe msichana, unajua mimi ni nani?"

"Nitakujua ukishatuambia jina, ssebo. Habari ya safari?"

Akapiga meza kwa kiganja. Akampigia simu wakili mmoja wa juu, na wakili akapiga simu getini, mwacheni apite. Nilikuwa nimesimama na trei ya vikombe, sijui niiweke wapi. Afande akashuka. Nilitegemea atamsukuma Akello pembeni azungumze na yule bwana, mkubwa kwa mkubwa. Hakufanya hivyo. Alikwenda kusimama nyuma ya Akello, mikono mgongoni, akasema, "Endelea na kazi, dada." Basi. Yule bwana alimtazama Afande, akamtazama Akello, akamtazama tena Afande, na aliona kwamba hakuna wa kuzungumza naye ila msichana. Akatoa bastola akaitia sandukuni. Akapanda ngazi mwepesi zaidi kuliko alivyokuja, na juu alimkuta mjane ameshamaliza kusema yote aliyokuja kuyasema.

Baadaye Afande akamwambia Akello, "Mikono yako ilitetemeka."

"Ndiyo, Afande."

"Iache itetemeke. Sauti ndiyo isitetemeke."

Tangu hapo mtoto akapanda. Akasoma jioni hadi akapata diploma, akasimamia kadi za wageni, kisha mafunzo ya walinzi, kisha kamera. Leo askari wanamwita Afande mdogo. Nikisikia hivyo natembea kwa miguu ya msichana.

Afande alipostaafu walimkatia keki. Hakuionja. Alisema kazi inaisha jioni, na ilikuwa bado mchana. Mimi magoti yalikuwa yameshanifukuza kantini, nimehamishia sufuria zangu Kalerwe, kibanda kidogo karibu na ninapokaa. Wiki iliyofuata nikaona dera linainama kupita chini ya bati langu. Ni Afande, amevaa kandambili. Akavuta kiti.

"Mama, una nini leo?"

Nilidhani sikusikia. Nikasema kuna matooke, kuna mchuzi wa karanga na samaki mkavu. Nikampa. Akala. Banange, alikula! Hakunyanyua kichwa. Akaomba ya pili, akaifuta sahani kwa kidole. Mimi nilikwenda kwenye moshi nikachochea jiko ambalo halikuhitaji kuchochewa.

"Miaka yote ile ulikuwa na njaa?" nikamuuliza.

"Njaa? Mama, harufu ya karanga zako ilikuwa inapanda ngazi bila kadi. Ni mgeni pekee aliyenishinda."

Akawa mteja. Akija sokoni Jumamosi anapita kwangu, anakula, tunasengenya kidogo, anaenda. Jirani yangu muuza nyanya alikuwa anamwandalia kiti. Nikasema, Mungu amenilipa.

Hadi juzi.

Mvua ilishuka Kalerwe ile ya kuhamisha viatu, mtaro ukajaa, watu wakakimbilia chini ya mabati. Afande akaingia kwangu amelowa mabega. Akello ameomba kile kiti cha Afande tangu mwezi uliopita na hatujasikia neno. Waombaji ni wengi, wengine wana digrii, wengine wana wajomba. Mtoto hali vizuri. Lakini hayo sikutaka kumwambia Afande. Niliinama tu nikampakulia sahani yake ileile, matooke, karanga, samaki mkubwa kuliko wa wateja. Nikaiweka mbele yake.

Aliitazama kama mama anayemtazama mtoto akipanda basi la shule ya bweni. Akaisukuma kwa vidole viwili.

"Asante, mama. Nimekula nyumbani."

Nilihisi nimemwagiwa maji. "Afande, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Mvua ya leo ni kali, eh?"

Akaanza kuzungumza habari za mvua. Yeye, ambaye hajawahi kuzungumza habari za mvua na mtu. Nikageuka, hasira imenipanda hadi kwenye masikio, nikaangalia chini ili asione macho yangu. Ndipo nikaona miguu yake. Hakuvaa kandambili. Alikuwa amevaa vile viatu vya ngozi, vinang'aa katikati ya matope yote yale. Na chini ya kavera, ile plastiki aliyojikinga nayo mvua, palionekana ukosi wa suti ya bluu.

Leo si Jumamosi, nikajiambia. Ametoka wapi na suti?

Hapo ikanishukia. Wamemwita arudi. Atakaa kwenye ile meza ya intavyu, pamoja na wengine, awasikilize wanaotaka kiti chake. Hakuniambia, na asingeniambia hata ningemwangukia miguuni. Lakini kama jina la Akello lingekuwa limeshatupwa, Afande angekula. Angekula sahani mbili na kufuta kwa kidole. Kumjua Akello, kila mtu anajua kwamba anamjua, alimfundisha mwenyewe. Ila hakuna atakayeweza kusema kwamba alikuja kumsikiliza mtoto huku ana mchuzi wa bibi yake tumboni. Akello akishinda atashinda mweupe, bila doa. Akishindwa, ameshindwa na mtu aliyekuwa bora, si na mwenye mjomba.

Muuza nyanya akanong'ona kwa sauti, kama kawaida yake. "Jaja, mgeni wako leo amenuna?"

"Hajanuna," nikasema. "Yuko kazini."

Afande akainua uso akanitazama. Hakukubali, hakukataa. Lakini tumbo lake, lile tumbo lisilojua siri, likasema, grrr, na sote watatu tukalisikia juu ya mvua inayopiga bati. Nikaichukua ile sahani nikampa muuza nyanya. Aliipokea kwa mikono miwili kabla sijabadili mawazo.

Mvua ikapungua. Afande akachukua kofia yake ya pikipiki, akainama kutoka. Na mimi, si kwa ubaya, kwa raha tu, nilitaka kulisikia tena lile jibu lake, mara moja zaidi, nilichukie kwa mara ya mwisho na kulipenda kwa mara ya kwanza. Nikainua birika.

"Hata kikombe cha chai, Afande? Na baridi hii?"

Aligeuka mlangoni, maji yanadondoka kutoka kwenye bati nyuma yake, na macho yake yalikuwa yanacheka.

"Asante, mama. Nimekula nyumbani."